Kosa Si la Sanaa, Ni la Kuituma Nyumbani

Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi, yaani CBC, waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na pamoja nao umerudi ule mjadala wa miradi, yaani kazi za mikono ambazo mtoto hupewa shuleni akazitengenezee nyumbani. Kila mzazi wa Kenya aliyekuwa na mtoto katika shule ya msingi miaka hiyo ana kisa chake: sanamu ya kufukuzia ndege iliyoshonwa usiku wa manane, mkeka wa karatasi za manila uliosukwa na shangazi, chungu cha udongo kilichopasukia ndani ya matatu. Leo visa hivi vinachekesha kwa sababu wengi wanaamini balaa limekwisha. Mwaka 2024 masomo yalipunguzwa, Sanaa na Ufundi ikaunganishwa na Muziki pamoja na Elimu ya Viungo kuwa somo moja, na wazazi wakashusha pumzi. Uamuzi huo umepokewa kama ushindi wa mzazi maskini. Nadhani tumeusoma vibaya. Mradi wa sanaa haukuwa mzigo kwa sababu ni wa sanaa. Ulikuwa mzigo kwa sababu shule iliutoa darasani ikautuma nyumbani, kisha ikakitolea alama kitu kilichorudi bila kuuliza kimetengenezwa na mikono ya nani. Kupunguza somo hakukugusa kosa hilo. Kulichopunguza ni nafasi ya mtoto wa shule ya umma kushika rangi.

Tusisahau kwamba nchi hii imewahi kupita njia hiihii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, baada ya mapendekezo ya tume ya Colin Mackay ya 1981, uliahidi elimu ya mikono. Sanaa na ufundi, muziki na sayansi ya nyumbani yakawa masomo ya kutahiniwa katika KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Shule zilihitaji karakana na vyumba vya mapishi, na kwa kuwa serikali haikuwa na fedha za kuvijenga, wazazi waliambiwa wachange kwa harambee. Waliosoma miaka ile watakwambia jinsi mwiko au kamba ya katani ilivyonunuliwa sokoni asubuhi na kukabidhiwa mwalimu saa nne, ikiwa imepakwa vumbi kidogo ili isionekane mpya. Gharama zikazidi, manung'uniko yakazidi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya kutahiniwa yalipopunguzwa, sanaa ilikuwa miongoni mwa yaliyoachwa nje. Kwa jina iliendelea kuwapo kwenye ratiba. Kwa vitendo kipindi chake kikawa cha Hisabati. Angalia mpangilio wa mambo: serikali yaanzisha somo la vitendo, gharama yatupiwa mzazi, mzazi alalamika, na kinachoondolewa si gharama bali ni somo.

Mara ya pili mambo yamekwenda kasi zaidi. CBC ilianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019. Kufikia Septemba 2021 wakili Esther Ang'awa, mzazi, alikuwa amewasilisha kesi katika Mahakama Kuu akiupinga mtaala huo, na gharama na mzigo uliotupiwa familia ulikuwa sehemu ya malalamiko. Mwaka uliofuata Rais William Ruto aliunda jopokazi la mageuzi ya elimu chini ya Profesa Raphael Munavu, na ripoti yake ikatolewa Agosti 2023. Masomo ya Gredi ya 4 hadi ya 6 yalishuka kutoka 12 hadi 8, na Sanaa na Ufundi ikapoteza jina lake ndani ya lile somo lililounganishwa, Sanaa Bunifu. Sipingi kupunguza masomo. Mtoto wa miaka kumi kusoma masomo 12 ulikuwa wazimu. Ninachopinga ni imani kwamba hatua hiyo ndiyo tiba ya ugonjwa wa miradi.

Na hapa kuna jambo dogo linalonikera. Ule mradi uliochekwa kuliko yote, sanamu ya kufukuzia ndege, haukuwa wa somo la sanaa hata kidogo. Ulikuwa wa Kilimo, Gredi ya 4. Lakini kwa kuwa ulihitaji matambara, kijiti na mikono, umma uliuhesabu kuwa ni "mambo ya kuchorachora", na sanaa ikabeba lawama za jirani. Kilimo kilitoka kwenye marekebisho hayo kikiwa kimeunganishwa na lishe na kupewa vipindi vinne vyake kwa wiki.

Ili kuelewa kosa lilikoanzia, inabidi kutazama alama zinavyotolewa. Tathmini za shuleni kuanzia Gredi ya 4 zimetengewa asilimia 60 ya matokeo ya mwisho wa shule ya msingi. Asilimia 40 hutoka kwenye tathmini ya kitaifa, KPSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Shuleni, mwalimu humweka kila mtoto katika kiwango kimoja kati ya vinne, kuanzia chini ya matarajio hadi kuzidi matarajio, na alama huingizwa kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani. Kwenye KPSEA sanaa haina karatasi yake. Imechanganywa na Masomo ya Jamii, na maswali ni ya kuchagua jibu. Sasa tazama kinachompata mtoto. Tathmini ya kitaifa inapima kama anaweza kulitambua jibu sahihi kuhusu ufumaji, lakini haimwoni akifuma. Tathmini ya shuleni inapima kitu kilichofumwa, lakini katika shule nyingi haimwoni akifuma vilevile, kwa sababu kitu hicho kimetoka nyumbani, au kimekuja kama picha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mahali pawili pa kupima, na hakuna hata mahali pamoja panapotazama mikono ya mtoto ikifanya kazi. Mtaala wenyewe unataka mwanafunzi atengeneze, aonyeshe, kisha azungumzie kazi yake na ya wenzake. Hatua hizo zote ni za darasani. Picha ya simu haibebi hata moja.

Simlaumu mwalimu kwa hili. Ana watoto 60 au zaidi, kipindi cha dakika 35, hana kabati la kuhifadhia kazi ambazo hazijakauka, na mara nyingi bomba la maji liko upande wa pili wa uwanja. Isitoshe, mwalimu mwenye miaka 30 hivi leo alisoma shule ya msingi baada ya sanaa kuondolewa kwenye mtihani, na huenda hakuwahi kufundishwa kuchanganya rangi tangu azaliwe. Mtu wa namna hiyo ukimdai alama ya kitu kilichokamilika kwa tarehe fulani, atafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: atampa mtoto orodha ya vifaa apeleke kwa mamake. Pale mtaani kwetu, duka la vifaa vya shule lilifika mahali pa kutundika mlangoni miradi iliyokwisha tengenezwa, bei ikitofautiana kulingana na unadhifu. Soko lilielewa kinachotahiniwa mapema kuliko Wizara.

Hoja za wanaoipinga miradi zina uzito. Ni kweli kwamba mzazi anayerudi kutoka kibaruani saa mbili usiku hana muda wa kutafuta majani ya mgomba. Ni kweli pia kwamba mradi wa nyumbani huzidisha pengo. Mtoto wa mhandisi huleta nyumba ya kadibodi yenye taa zinazowaka, wa mama muuza mboga huleta boksi lililokatwa kwa kisu cha jikoni, na wote wawili hupewa alama mbele ya darasa zima. Anayesema hapo pana dhuluma hajakosea. Lakini hoja hiyo, ukiifuata hadi mwisho, haikufikishi kwenye kuiondoa sanaa. Inakufikisha kwenye kuuzuia mradi usitoke nje ya lango la shule. Darasani, boksi la mtoto wa muuza mboga na la mtoto wa mhandisi ni boksi lilelile, mkasi ni uleule wa kupokezana, na msaada unaopatikana ni wa jirani wa dawati.

Watetezi wa miradi nao wana mahali walipoteleza vibaya. Walirudia hadi wakachosha kwamba vifaa vya mazingira ni vya bure. Vya bure kwa nani? Aliye Kitui anaweza kupata katani na nyanya wa kumfundisha kusuka kiondo. Aliye Lamu au Kwale ataupata ukili na hatakosa mtu wa kumwonyesha. Aliye Tabaka, kule Kisii, amezungukwa na mawe ya kuchonga. Aliye Pipeline, Nairobi, orofa ya saba, mazingira yake ni lami na nguo za kuanikwa. Udongo wa kufinyangia atauchimba wapi? Kwake kifaa cha mazingira hununuliwa, na nauli ya kukiendea hulipwa. Mwongozo mmoja wa nchi nzima unaodai udongo katika wiki ileile unadhani kila shule ina mto. Dai jingine, kwamba miradi inamshirikisha mzazi katika masomo ya mwanawe, linachanganya mambo mawili. Mzazi kuitwa shuleni kuona kazi ya mwanawe na kusikia akiieleza ni ushirikishwaji. Mzazi kuifanya kazi hiyo usiku huku mtoto amelala ni udanganyifu, hata ukipewa jina gani.

Hata hivyo, hoja iliyo dhaifu kuliko zote iko upande wa wapinzani, na ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba sanaa ni kipaji, na mwenye kipaji atajitokeza mwenyewe hata asipofundishwa, kwa hiyo wengine waachwe wasome Hisabati. Hatusemi hivyo kuhusu kusoma. Hakuna anayengoja mtoto mwenye kipaji cha kusoma ajitokeze. Tunawafundisha wote herufi, wachache wanakuwa waandishi, na wengine wanasoma mikataba yao ya nyumba bila kudanganywa. Kuchora ni ujuzi wa aina hiyo. Mwanafunzi wa Sayansi huchora sehemu za ua, wa Masomo ya Jamii huchora ramani, wa Hisabati huchora pembe. Fundi wa cherehani huchora kabla ya kukata kitambaa, na fundi wa milango ya vyuma huchora kwa chaki sakafuni kabla ya kuchomelea. Wote hao wanatazama kitu, wanakipima kwa jicho, wanakiweka juu ya sehemu bapa na kurekebisha pale walipokosea. Kurekebisha ndiko hasa somo lilipo. Tena uwezo huo wa kutengeneza si adimu kama wanavyodai. Pita kijiji chochote utawaona watoto na magari ya waya yenye usukani mrefu na matairi ya vifuniko vya chupa, wamejifunza kutoka kwa kaka zao bila alama wala picha. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuwauliza kwa nini gurudumu la mbele linalemea upande mmoja, na dakika za kulijaribu upya.

Wako pia wanaoitetea sanaa kwa ajira, wakitaja michoro ya matatu za Nairobi au wachongaji wa Kikamba. Ni mifano ya kweli na ninaifurahia, ila siipendi sana hoja yenyewe. Mtoto wa Gredi ya 3 hahitaji kuhalalisha karatasi yake kwa mshahara wa baadaye. Hatumwulizi hivyo anapocheza kandanda.

Turudi kwenye somo jipya lililounganishwa, maana humo ndimo hatari ilimojificha. Kwa ratiba ya sasa, Sanaa Bunifu katika Gredi ya 4 hadi ya 6 ina vipindi 6 kati ya 35 vya wiki. Ukivigawa kwa haki kati ya sanaa ya mikono, muziki na michezo, kila tawi lina vipindi viwili, yaani dakika 70. Hizo si haba. Dakika 70 mfululizo, kwa wiki nne au tano, zinatosha kabisa kwa mradi mmoja wa kweli kila muhula. Tatizo ni kwamba hakuna kinachomlazimisha mwalimu mkuu avigawe kwa haki, na kuna mengi yanayomsukuma asifanye hivyo. Muziki una Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ambapo shule hupanda ngazi hadi kitaifa na kurudi na vikombe vya kuwekwa ofisini. Michezo ina mashindano ya kanda na kaunti. Sanaa ya mikono haina jukwaa la ukubwa huo. Mchoro wa mtoto haumpi mwalimu mkuu kombe wala safari. Weka matawi matatu katika chungu kimoja, mawili kati yao yakiwa na mashindano na la tatu likiwa halina, na si lazima uwe mpiga ramli kujua lipi litakalokosa vipindi. Tanzania nayo, katika mtaala wake mpya, imeweka Sanaa na Michezo kuwa somo moja kwa shule za msingi, kwa hiyo swali hili la nani anakula vipindi vya nani linawahusu walimu wa Tanga na Mwanza kama linavyowahusu wa Thika.

Shule za binafsi zenye uwezo hazitaathirika. Zina chumba cha sanaa, mwalimu wa sanaa, na karo inayolipia rangi. Ndiyo maana nasema tafsiri ya "ushindi wa maskini" imepinduka. Familia yenye pesa itaendelea kununua sanaa. Familia isiyo nayo imeondolewa mahali pekee ambapo mwanawe angeipata bure. Miaka minne baadaye watoto hawa wawili watafika Gredi ya 10 na kuonyeshwa milango mitatu, yaani mikondo ya masomo ya kuchagua, mmoja ukiwa wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, kisha tutashangaa ni nani anayeingia akiwa na mkoba wa kazi zake na ni nani anayeukwepa.

Je, mradi wa darasani unawezekana kwa darasa la watoto 60? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko kwenye aina ya mradi. Mwongozo ukidai kila mtoto awe na chungu chake cha udongo, hauwezekani. Lakini chukua picha ya kubandika, ile ya vipande vya karatasi. Wiki ya kwanza watoto wanatoka nje na penseli, kila mmoja anachora kitu kimoja kilicho uani, mti au lori la takataka, vyovyote. Wiki ya pili, katika vikundi vya watoto sita, wanachagua michoro miwili na kuipanua kwa makaa kwenye upande mtupu wa katoni iliyokunjuliwa. Wiki ya tatu wanararua magazeti ya zamani na kuyapanga kwa rangi, yenye giza huku, yenye mwanga kule, na kubandika kwa gundi ya unga iliyopikwa jikoni kwa mpishi wa shule. Wiki ya nne wanamalizia na kutundika, na kila kikundi kinasimama kueleza kwa nini kilifanya hivi na si vile. Katoni kumi, magazeti, makaa, unga. Hakuna mzazi aliyeguswa mfukoni. Na mwalimu amewaona watoto wakikosea na kusahihisha mbele ya macho yake, jambo ambalo hakuna chungu cha kununuliwa kingemwonyesha. Elimo Njau, msanii aliyeanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alikuwa na usemi kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Miradi ya nyumbani imemlaza muda mrefu, kwa sababu kitu kinachotakiwa kifanane na picha ya kitabuni hakina nafasi ya mtoto ndani yake.

Fedha bado ni suala, na sitaki kujifanya katoni zinamaliza yote. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ni sh1,420 kwa mwaka, takriban sh40 kwa kila wiki ya masomo, na hizo zinatakiwa kugharimia shughuli zote za shule. Mkasi, brashi na rangi havitapatikana humo bila mtu kuamua vipatikane. Lakini brashi za darasa zima hununuliwa mara moja na kudumu miaka. Mradi wa nyumbani hununuliwa upya na kila familia, kila muhula, kwa bei ya rejareja. Ukijumlisha zile manila, gundi, nauli na picha za kupinti kwenye saiba ambazo wazazi wa darasa moja wamelipia kwa mwaka, nchi hii imekuwa ikitumia fedha nyingi kwenye sanaa ya watoto. Imezitumia tu mahali ambapo mtoto hakufaidika. Kulifuta somo kwa sababu ya gharama hizo ni kuchoma kitanda ili kuwaua kunguni.

Kinachohitaji kubadilika kwanza ni fomu, si mtaala. Baraza la Mitihani likitaka mwalimu arekodi hatua tatu za kazi, mchoro wa awali, marekebisho, na maelezo ya mtoto mwenyewe, zote zikiwa na tarehe za vipindi vya darasani, biashara ya miradi ya mlangoni itakufa yenyewe, maana hakuna duka linalouza marekebisho. Likiendelea kutaka alama ya kitu kilichokamilika, miradi itarudi majumbani chini ya jina lolote litakalopewa somo, na baada ya miaka michache tutaunda jopokazi jingine litakaloshauri sanaa ipunguzwe tena. Wazazi nao wanayo kazi, tena rahisi kuliko kusuka mikeka usiku. Mkutano ujao wa wazazi, badala ya kuuliza miradi imebaki mingapi, waombe ratiba ya Gredi ya 5 ibandikwe ukutani, vipindi sita vya Sanaa Bunifu vionyeshwe kimoja kimoja, na mwalimu mkuu aseme wiki iliyopita vipi viwili vilikuwa vya rangi na karatasi.